Nguruwe, mizimu na noti ya yeni 1000

Mwaka wangu wa kwanza Yokohama, Japani, mzee mmoja tunayefanya naye kazi yadi, kwenye haya magari ya mtumba yanayokuja huko Dar na Mombasa, alinialika kwake. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa saa tatu usiku Nippon TV huonyesha filamu. Siku hiyo ilikuwa Sen to Chihiro no Kamikakushi, katuni ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 2001, ile iliyoshinda Oscar 2003. Kijapani changu kilikuwa cha kusalimia na kuulizia bei, basi nikatazama kwa macho tu.

Wazazi wa binti mdogo, Chihiro, wanaingia naye mji mtupu, wanakuta vyakula vimejaa mezani, wanafakamia bila hodi, wanageuka nguruwe. Mzee akanitupia jicho, akidhani hapo nimepotea. Wapi! Mimi mtoto wa Tanga. Bibi alinikanya mapema: ukikuta sahani ya wali chini ya mbuyu, usiguse, ina wenyewe. Hata hilo neno kamikakushi, mtu kufichwa na miungu, kwetu lina ndugu yake: kachukuliwa na majini.

Kilichonitoa jasho ni hamamu. Jengo zima, ghorofa juu ya ghorofa, mizimu inamiminika usiku kwenda kuoga. Mizimu ninayoijua mimi hutaka ubani, kuku, ngoma; sijapata kusikia mzimu ukidai maji ya moto. Mpaka nilipopelekwa sento, bafu la mtaa, nikawaona wazee wametoka kazini wamezama hadi shingoni, macho wamefumba, hakuna anayemsemesha mwenzake. Nikasema aa, kumbe.

Halafu lile la jina. Mchawi Yubaba, mwenye hamamu, anamsainisha binti mkataba, anapitisha mkono juu ya karatasi, na herufi za jina zinanyanyuka kama nzi na kuingia kiganjani mwake. Inabaki moja. Toka hapo Chihiro anaitwa Sen. Nikauliza: Sen imetoka wapi? Mzee akachomoa noti ya yeni 1000, akaweka kidole kwenye herufi 千. Ndiyo inayoanza jina la Chihiro. Humo ndani husomwa "chi". Ikisimama peke yake ni "sen", yaani elfu. Binti kanyang'anywa jina, kaachiwa elfu! Tafsiri ya chini ya skrini ingekupaje hilo?

Nilicheka, kisha nikajifikiria. Mimi naitwa Bakari. Hapa watu hupenda kukufupishia jina, ila langu limewashinda: ukikata silabi ya mwisho inabaki "baka", mjinga. Ndiyo maana pale yadi ni mimi peke yangu ninayeitwa jina zima, Bakari-san, kwa heshima zote.

Julai 2023 ilipotoka filamu mpya ya Miyazaki, bila hata tangazo la video, bango tu la ndege, tulikwenda na mzee sinema. Korongo anafunua mdomo, ndani kuna mtu mwenye pua kubwa. Mimi kimya. Mwisho majina yakapita yote, kama desturi ya huku, hakuna aliyeinuka hadi taa zilipowaka. Mzee akanigeukia, akauliza polepole:

"Bakari-san, umeelewa? Hebu nieleze."

Nikamwambia twende tukale kwanza.