Injini ilikuwa nzima, koili ndiyo iliyokufa

Wiki tatu nzima naambiwa injini ya gari langu imekwisha. Fundi wa kwanza alisikiliza mlio kama dakika moja tu, akasema hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, ifunguliwe. Wa pili akasema pampu ya mafuta. Hakuna aliyegusa hata plagi moja, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, na hilo linaniuma mpaka leo, maana tatizo nimelitoa mwenyewe nyumbani kwa spana za kawaida na kimashine cha kusomea kodi (namba za hitilafu ambazo gari lenyewe hurekodi) ambacho bei yake haifiki hata robo ya walichotaka kunitoza.

Gari lilikuwa likitetemeka likisimama, na kwenye mlima halina nguvu kabisa, kama linavutwa na pistoni tatu. Taa ya injini ikawa inapepesa. Taa hiyo ikipepesa, jamani, egesha gari: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na kununua katalisti ni gharama kuliko vyote nilivyonunua mimi.

Kimashine kikatoa P0302, yaani silinda ya pili inakosa moto. Nikafunga plagi nne mpya, gari likatulia, nikalala kwa raha. Siku ya pili mtetemo ukarudi, kodi ileile.

Hapo nikahamisha koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme mkali wa cheche; kila silinda ina yake. Injini ikiwa imepoa, ya silinda ya 2 nikaipeleka 4, ya 4 nikaileta 2, nikafuta kodi, nikazunguka na gari. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kama ni nozeli inayopulizia petroli, au mgandamizo umepungua, kodi itabaki palepale kwenye 2, kwa kuwa hivyo sikuvigusa. Ikasoma P0304! Nilipiga kelele peke yangu. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili, na habari za kufungua hedi zikaishia hapo.

Nikaichomoa, nikaitazama juani. Ndani ya ule mpira mrefu unaovaa plagi kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli. Plagi mpya ya silinda ya pili nayo ilishaanza kuchoreka hivyohivyo kwenye kauri yake nyeupe. Umeme ulikuwa ukiteleza pembeni kwenda kwenye chuma cha hedi badala ya kuruka kwenye ncha. Kwa hiyo plagi iliyochoreka usiirudishe, hata kama ina siku mbili.

Nikanunua koili moja na plagi moja. Plagi niliianzisha kwa kipande cha hosi ya mpira nilichokichomeka nyuma yake, nikizungusha kwa vidole: nyuzi za plagi zikikaa upande, hosi inateleza yenyewe kabla hujaharibu hedi.

Nilipowasha, sindano ya resi, ile inayoonyesha kasi ya injini, ikatulia tuli. Koili mbovu ninayo bado. Nataka yule fundi wa kwanza auone ule mstari kwa macho yake.