Siku moja nyuma ya pazia la La Fenice

Kufikia saa nne asubuhi huwa nimekwisha kushuka kwenye treni ya kutoka Mestre, ng'ambo ya bara, na kukata vichochoro vya Venice hadi uwanja mdogo wa San Fantin, lilipo jumba la opera la La Fenice. Jina hilo ni la feniksi, ndege wa hadithi anayezaliwa upya majivuni, na jumba lenyewe limeteketea mara mbili: mwaka 1836, na tena usiku wa tarehe 29 Januari 1996, wakati mfereji wa jirani ulikuwa umekaushwa ili usafishwe, hivyo boti za zimamoto zikashindwa kukaribia. Lilijengwa upya kwa kanuni ya "kama lilivyokuwa, palepale lilipokuwa", likafunguliwa Desemba 2003. Nakshi za dhahabu ambazo watalii wanazistaajabia kuwa za kale ni changa kuliko mimi.

Mimi ni mvishaji. Kushona nilifundishwa na shangazi yangu Tanga, na leo nina wanakwaya kumi na wawili wa kuwavisha katika La traviata ya mtunzi Verdi, opera iliyoimbwa kwa mara ya kwanza humu humu tarehe 6 Machi 1853, ikaanguka vibaya.

Mpaka saa nane mchana ninakagua maleba, kulabu kwa kulabu, kwa sababu kulabu iliyolegea huchagua kufyatuka mwimbaji anapovuta pumzi. Katika kazi hiyo humkumbuka Verdi, aliyetaka waimbaji wavae nguo za wakati wake ili watazamaji wajione wenyewe katika sebule ya Violetta, mhusika mkuu wa kike, lakini wakubwa wakashikilia kwamba kisa kirudishwe nyuma hadi mwaka 1700 hivi. Kwa maoni yangu, hapo walimpunguzia makali kuliko ambavyo kalamu nyekundu ya mkaguzi ingeweza.

Saa tisa ninakula mkate wangu na kupiga pasi mashati. Rangi ya zambarau haikanyagi hapa, kwani watu wa tamthilia wa Italia huiona kuwa nuksi, ikiwakumbusha Kwaresima za zamani, majumba yalipofungwa na wasanii wakalala njaa. Siku yangu ya kwanza nilikuja nimejifunga kilemba cha rangi hiyo hiyo, nami nikakivua kabla sijaambiwa mara ya pili.

Saa kumi na moja na nusu wanakwaya huanza kuingia, na saa moja jioni pazia hufunguka. Kitendo cha kwanza hakinisumbui: wageni wa karamu wamekwisha kuvaa, nami nasikiliza nikiwa kando, sindano imechomekwa kifuani. Kazi yenyewe iko katika kitendo cha pili. Onyesho lake la kwanza, lile la nyumba ya shambani ambamo mzee Germont anamsihi Violetta aachane na mpenzi wake, ambaye ni mwana wa Germont, halina kwaya hata kidogo. Na wakati ukumbi mzima unalia, sisi chini tunawavua mabwana na mabibi wa Paris na kuwageuza kuwa wanawake wa Kijipsi na wapigana na mafahali kwa ajili ya karamu ya Flora, rafiki yake Violetta. Sketi huvaliwa kupitia kichwani, kamba za mgongoni hukazwa kwa goti, na hakuna anayesema neno, kwa kuwa sote tunamsikiliza baritoni, mwimbaji wa sauti nzito anayeigiza Germont, kwenye kipaza sauti ili tujue tumebakiwa na muda gani.

Katika kitendo cha tatu kwaya haionekani. Shangwe za kanivali huimbwa nyuma ya mandhari, kana kwamba zinapita chini ya dirisha la Violetta aliye mgonjwa. Wengi huziimba wakiwa na makoti yao ya nyumbani, huku mimi nikipita kati yao kimya na kapu, nikikusanya mashati yaliyolowa jasho. Mashine ya kufulia huwashwa makofi yakiisha, na gauni la kulalia la Violetta huingia mwisho, peke yake, kwa maji ya baridi.