Mughsail, msimu wa kusi

Tulitoka Muscat kwa kukimbia joto la Julai. Hadi Salalah, mji wa kusini mwa Oman, ni kama kilomita 1,000, na karibu njia nzima ni jangwa tupu. Ukishaipanda milima ya Dhofar, unaingia kwenye ukungu na manyunyu, na nyasi mbichi hadi ukingoni mwa lami. Wenyewe huuita msimu huu khareef.

Nilikuwa na shangazi yangu, mzaliwa wa Unguja, ambaye ameishi Oman miaka arubaini na ushei bila kufika huku. Asubuhi ya pili tulikwenda Mughsail, mwendo wa kilomita 40 hivi magharibi ya mji. Hapo mlima unakatika ghafla baharini. Jabali la chokaa limeinama juu ya pango la Marneef kama paa la baraza, na chini yake mawimbi yanapiga mpaka kishindo unakisikia miguuni.

Kwenye mwamba ulio mbele ya pango kuna matundu yaliyofunikwa kwa vyuma. Bahari imeula mwamba kwa chini, na wimbi likiingia humo maji hayana pa kutokea ila kwenye matundu hayo. Kwanza unatoka upepo peke yake, wa baridi, unakoroma kama ng'ombe. Buibui la shangazi likapanda hadi magotini, akalikamata kwa mikono miwili. Kisha maji yakaruka juu kupita vichwa vyetu, yakaturudia usoni na chumvi yake.

Nilidhani ataogopa. Alifuta miwani kwa ncha ya mtandio, akageukia baharini.

"Mwanangu, hii si kusi hii?"

Ndiyo, ni kusi. Upepo ule ule unaovuruga bahari ya Makunduchi na Jambiani kule Unguja ndio unaovuta maji baridi kutoka chini ya bahari huku na kuifunika milima kwa ukungu. Babu yake shangazi alikuwa baharia wa majahazi. Alimwambia kwamba kutoka Unguja kuja Arabuni husafiri kusi ikianza au ikielekea kuisha. Katikati yake hakuna nahodha anayethubutu. Mimi nilikuwa nikiyasikia hayo kama hadithi za wazee. Pale juu ya mwamba nikafahamu waliogopa nini.

Nawaombeni, mkienda, msivuke uzio. Julai 2022 watu wanane walisombwa na wimbi hapo hapo baada ya kuuvuka, na waliookolewa ni watatu. Siku yetu nako kulikuwa na vijana ng'ambo ya uzio, wanapigana picha. Shangazi aliwaita kwa Kiarabu, hawakusikia. Akawaita kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuitia watoto uani, na mmoja akageuka. Wakarudi wote.

Njiani tulisimama kwenye kibanda, tukanunua madafu. Shangazi alikunywa mawili, la pili akaomba lipasuliwe, akala nyama yake kwa kijiko alichochongewa kwenye kifuu, bado nguo zimelowa.