Kumbukumbu ya mradi: draiva moja ya gofu kwa Nairobi na pwani

Lengo ni draiva mpya, fimbo ya gofu ya kupigia mbali, yenye kichwa cha sentimita za ujazo 460, lofti (mwinamo wa uso unaogonga mpira) ya digrii 10.5 na adapta inayogeuzwa, yaani kiungo cha kichwa na mti wa fimbo. Itapangwa kwa mchezaji wa mkono wa kulia anayezungusha kichwa cha fimbo kwa kasi ya maili 90 kwa saa, anayecheza Nairobi na kushuka Mombasa mara kwa mara. Wachezaji wengi wa klabu wako karibu na kasi hiyo, kwa hiyo vipimo vya hapa vinaweza kumfaa na mwingine.

Urefu kabla ya kitu kingine chochote

Fimbo ilitoka dukani na inchi 45.75. Fimbo ndefu huongeza kasi ya kichwa, ndiyo maana viwanda hupenda kuziuza hivyo, ila faida hiyo hupotea mpira unapogongwa nje ya kitovu. Kabla ya kukata, uso ulipuliziwa poda ya miguu, ile ya kopo, ili kila mpira uache alama yake. Alama zilirundikana chini, upande wa kisigino, yaani ule ulio karibu na mti wa fimbo. Hapo ndipo pabaya kuliko kote: mpira wa chini huondoka na mzunguko mwingi, hupanda kisha hufia hewani, na wa kisigino hupinda kulia hata kama mkono haukukosea. Ukigongwa juu kidogo ya kitovu huondoka juu zaidi na mzunguko unapungua, nao ndio mpira unaokwenda mbali.

Shafti, yaani mti wa fimbo, ilikatwa hadi fimbo nzima ikabaki inchi 45. Hukatwa upande wa mpini, kamwe si upande wa kichwa, kwani kukata ncha huifanya shafti iwe ngumu zaidi na tabia yake ibadilike. Zungushia masking tepu mahali pa kukata, tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, na izungushe shafti huku ukikata kidogo kidogo kuizunguka. Ukiusukuma msumeno moja kwa moja hadi upande wa pili, nyuzi za kaboni hupasuka. Vaa barakoa, vumbi lake si la kuvuta.

Kupima nako kuna utaratibu: fimbo ilazwe sakafuni, soli (chini ya kichwa) iegemee ubao uliosimama kwa digrii 60, kisha upime hadi mwisho wa gripu (kishikio). Kanuni inaruhusu hadi inchi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya ngazi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha inchi 46.

Uzito uliopotea

Hapa wengi huishia njiani. Wanakata, wanaona kichwa kimekuwa chepesi mno, wanailaumu draiva. Hesabu yake ni rahisi: kila nusu inchi inayokatwa huondoa takriban pointi 3 za uzito wa mpigo (kipimo cha jinsi kichwa kinavyohisiwa kizito mtu anapopiga, kinachosomwa C9, D0, D1 na kuendelea), na kila gramu 2 zikiongezwa kichwani hurudisha pointi 1. Robo tatu ya inchi ni pointi 4 na nusu, kwa hiyo kutoka D4 tulishuka hadi C9 na nusu. Gramu 6 zilitosha kutufikisha D2 na nusu, na hapo mchezaji alianza tena kuhisi kichwa kiko wapi anapofika kileleni mwa mpigo.

Gramu hizo zinaweza kuingia kwa skrubu nzito zaidi au kwa utepe wa risasi. Mahali pa kuziweka si suala la urembo. Zikikaa nyuma, kichwa hakisokoteki kirahisi mpira ukigongwa pembeni, na mpira huondoka juu ukiwa na mzunguko zaidi. Zikikaa mbele karibu na uso, mzunguko hupungua lakini msamaha kwa mpira uliogongwa pembeni nao unapungua. Kwa alama zilizo mbali na kitovu kama hizi, ni nyuma bila mjadala. Pima kila kipande kwa mizani ya gramu inayoonyesha desimali, usikisie.

Gripu nayo ina hesabu yake: nzito kwa gramu 4 au 5 zaidi huondoa pointi 1. Chagua ya duara kamili, isiyo na mgongo ndani. Adapta ikigeuzwa, shafti nzima huzunguka, na gripu yenye mgongo itahamisha mgongo huo hadi mahali vidole havikuzoea.

Adapta na lofti

Adapta za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye kichwa cha nyingine. Anayehamisha shafti atang'oa adapta kwa moto wa hita, na kichwa lazima kiwe kimeshafunguliwa na kuwekwa mbali, maana paa la kaboni halipendi joto. Ncha ya shafti husuguliwa kwa msasa hadi rangi itoke tu. Ukifika kwenye nyuzi umeshaidhoofisha. Epoksi huchanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji na kuachwa ikauke kwa saa 24. Wanaoenda uwanjani jioni ileile ndio kichwa chao hulia kokoko kila mpigo.

Skrubu ya adapta hukazwa kwa spana yake ya torki, karibu niutoni-mita 4.5, mpaka spana isikike ikilia "tik". Spana ya kawaida ya pembe sita haikuambii uishie wapi, nayo hukata nyuzi za skrubu.

Ukiongeza lofti kwa adapta, uso hufunga kidogo kuelekea kushoto. Ukiipunguza, hufunguka. Kwa hiyo mwenye slaisi (mpira unaopinda kulia) anayeshusha lofti ili mpira "ukimbie" anaiongezea slaisi nguvu. Tunachotafuta kwa kasi hii ni mpira uondoke kwa digrii 13 hadi 15, na mzunguko wa 2,400 hadi 2,900 kwa dakika. Kila digrii 1 ya lofti huongeza takriban mizunguko 200 hadi 300. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Nairobi na Nyali, Mombasa, hazitaki mpangilio mmoja

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huenda asilimia 6 hadi 8 mbali zaidi, lakini hewa hiyohiyo huubeba kidogo, kwa hiyo unaruka chini kuliko pwani. Huku lofti ya 11.5 imefaa zaidi ya 10.5. Kabla ya kuamini rada, kifaa kinachopima mpira unavyoruka, angalia imewekewa mwinuko gani: ikisoma usawa wa bahari, umbali itakaokupa hautalingana na unaouona ukiwa kwenye viwanja vya Nairobi kama Karen au Muthaiga.

Pwani upepo ndio bwana. Kusi ikivuma, mpira wenye mzunguko mwingi unaopigwa kuukabili upepo husimama hewani. Kwa Nyali adapta inarudi 10.5 na tii, kijiti cha kuwekea mpira, inashuka kidogo. Marekebisho yafanyike kabla ya shimo la kwanza, kwani kanuni zinakataza kubadilisha tabia ya fimbo raundi ikishaanza.

Kinachofuata ni shafti ya gramu 50 hivi badala ya hii ya 60, kwa urefu uleule. Kila gramu 9 zinazotoka kwenye shafti huondoa pointi 1, kwa hiyo skrubu ya nyuma itaongezewa gramu 2 kabla ya kupuliza poda upya.