Neno moja, tahajia tatu

Jana jioni, nikiwa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa nikinakili daftarini maneno ya Kiskoti, lugha ya nyanda za chini za Uskoti iliyo ndugu ya Kiingereza, ambayo wengi huidhania kuwa Kiingereza kilichoharibika. Neno lenye maana ya "-zuri" lilinichosha peke yake: huandikwa "guid" au "gude", mtu wa Glasgow hulitamka "gid", na kule Aberdeen, kaskazini mashariki, husikika "gwid", tena wenyewe huliandika "gweed". Huko huko "whit", yaani "nini", hugeuka "fit".

Bibi, aliyekuwa akichambua mchicha, akanicheka: "Mjukuu wangu, washangaa nini? Shemeji zangu wa Mombasa wasema ndia, sisi twasema njia."

Kweli, ila sisi tuliteuliwa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, ilhali Kiskoti hakina tahajia moja inayomfunga kila mwandishi. Kamusi zake huorodhesha maumbo kadhaa chini ya neno moja, jambo ninaloliona la kiungwana, ingawa humtesa mwanafunzi. Chini ya "guid" nimeacha mistari mitatu mitupu.