Daftari la mvua la bonde la mto Don

Jumapili, 1 Oktoba 2023

Leo tumeanza. Kipimamvua cha plastiki kimefungwa kwenye nguzo ya uzio, mbali na paa na mbali na miti, na mdomo wake tumeuweka sawa kwa pimamaji. Daftari ni la karatasi, lina jalada gumu, linaning'inia kwa kamba jikoni karibu na mlango wa nyuma. Lina safu nne: tarehe, mvua kwa milimita, joto, na ya mwisho tumeiandika "maneno". Kila atakayesoma kipimo ataandika pale neno moja la Kiswahili la hali ya hewa ya siku hiyo.

Tunaishi magharibi ya Alford, mkoa wa Aberdeenshire, kaskazini mashariki ya Scotland. Tuko wanne. Mume wangu anaendesha lori la magogo, mimi nahudumia wazee majumbani mwao, binti yetu ana miaka kumi na mdogo wake sita. Kazi zetu zote mbili huamuliwa na hali ya hewa kabla hatujavaa viatu.

Wazo hili nimekaa nalo tangu dhoruba ya Arwen, usiku wa kuamkia tarehe 27 Novemba 2021. Ndiyo kwanza tumehamia hapa. Umeme ulikatika siku tano, nikawa nachoma chapati juu ya jiko la kuni la sebuleni, na watoto tuliwalaza palepale mbele ya moto. Mume wangu alinieleza baadaye kwa nini miti mingi ilianguka kiasi kile. Hapa upepo mkali kwa kawaida hutoka kusini magharibi, na mizizi imejizoesha kushika ardhi dhidi ya huo. Arwen ulitoka kaskazini. Nikampigia mama Tanga nikamwambia upepo wa kaskazi umeangusha msitu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kaskazi? Huko kuna joto?" Kwa mtu wa pwani kaskazi ni miezi ya jua kali, Desemba hadi Machi, majahazi ya Uarabuni yalikuja nayo. Neno ni lilelile, na kila mmoja wetu aliliona lake.

Tena marehemu baba alikuwa karani wa shamba la mkonge. Kila asubuhi alisoma kipimamvua cha shamba na kuandika milimita kwa chaki ubaoni nje ya ofisi. Nilimfuata nikiwa na umri wa mdogo wetu. Nataka wanangu wawe na asubuhi kama zile.

Vituo rasmi vya Uingereza husoma mvua saa tatu asubuhi. Sisi tumechagua saa mbili, kwa sababu basi la shule linapita saa mbili na nusu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Watoto wako likizo ya Oktoba, ambayo wazee hapa bado wanaiita likizo ya viazi. Zamani shule zilifungwa ili watoto wakavune viazi mashambani. Hakuna wa kuvuna chochote wiki hii. Dhoruba ya Babet imeingia jana na tahadhari nyekundu imetolewa kwa Angus na kusini ya Aberdeenshire. Sisi tuko pembeni ya eneo hilo, na bado kipimo cha asubuhi kimetoa milimita 41. Milimita moja ni lita moja kwa kila meta ya mraba, kwa hiyo binti alipima bustani kwa hatua, akazidisha, akarudi ameshika kichwa: lita zaidi ya elfu nane zimemwagika kwenye bustani yetu kwa siku moja. Usiku tukasikia habari za Brechin, mto South Esk umepita juu ya kuta za kuzuia mafuriko na watu wanatolewa majumbani. Mume wangu amebaki nyumbani. Nimefurahi.

Safu ya maneno: "gharika", mwandiko wa binti.

Jumamosi, 11 Novemba

Wiki mbili za mvua isiyo mvua. Huioni ikidondoka, hulisikii bati, lakini ukienda kuchukua kuni unarudi nywele zimelowa. Wenyeji wana neno lake, "smirr". Mdogo aliuliza kwa Kiswahili ni nini nikasema manyunyu. Dada yake akasema hapana, mimi mwenyewe niliita rasharasha juzi. Tukampigia Bibi.

"Shikamoo Bibi. Manyunyu na rasharasha ni kitu kimoja?"

"Marahaba wajukuu zangu. Mvua yenyewe inalia?"

"Hailii."

"Basi ni manyunyu. Rasharasha inakuja inakwenda, na tone lake unalisikia."

Baadaye aliniomba simu nibaki nayo mimi, akasema hajawahi kuulizwa swali kama lile maishani mwake, na kama yapo mengine wampigie wakati wowote isipokuwa wa sala. Tangu siku ile wanampigia karibu kila jioni.

Jumamosi, 2 Desemba

Kipimo kimepasuka, na kosa ni langu. Redio ilitangaza baridi kali tangu Alhamisi. Ilinipasa kumwaga maji na kukiingiza ndani, lakini nilirudi kazini gizani nimechoka nikakiacha. Maji yaligeuka barafu, barafu ikatanuka, plastiki ikachanika kutoka juu hadi chini. Kipimajoto cha dirishani kinasoma hasi 9. Jalidi imepaka uzio mzima weupe, kila waya umeota manyoya.

Mdogo alilia kweli. Alibeba kile kipande cha barafu chenye umbo la mrija akakiweka kwenye sahani, kikayeyuka, akataka tukipime. Tulikipima kwa kijiko cha dawa na hesabu ya binti. Milimita 3 na kidogo. Nimeiandika, na alama ya kuuliza pembeni.

Jumapili, 10 Desemba

Jirani yetu ni mzee wa kondoo, ana miaka themanini na ushei, na watoto humwita Babu wa Kondoo, jina ambalo ameshazoea ingawa Kiswahili hajui. Alisikia habari ya kipimo. Leo amekuja na kitu kilichofungwa kwenye gunia: kipimamvua cha shaba, kipenyo cha inchi tano, cha aina ileile inayotumika kwenye vituo rasmi. Kilikuwa cha baba yake. Pamoja nacho ameleta mrija wa kioo wa kupimia, mistari yake bado inasomeka.

Tumekifukia ardhini, mdomo ukabaki juu ya nyasi kwa sentimita thelathini, alivyotuelekeza. Kisha alipiga magoti kwenye tope, kwa magoti yale ya miaka themanini, akamwonyesha mdogo namna ya kusoma. Maji ndani ya mrija mwembamba hayakai bapa, hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Unashusha jicho mpaka liwe sawa na maji na unasoma chini ya ule mbonyeo. Mdogo alishusha kidevu mpaka mezani, akafumba jicho moja, akazuia pumzi. Nne nukta mbili. Babu wa Kondoo naye akainama, akasoma, akaitikia kwa kichwa.

Siku zimekuwa fupi mno. Mwisho wa mwezi mwanga utakuwa wa muda usiofika saa saba kwa siku. Saa mbili asubuhi bado kuna kiza, tunasoma kwa tochi.

Jumanne, 16 Januari 2024

Shule imefungwa. Theluji imeanza jana na barabara ya juu, kutoka Cockbridge kwenda Tomintoul, mageti yake yameshashushwa. Ile hufungwa karibu kila theluji ikianguka.

Theluji haipimwi kama mvua, na asubuhi hii tumeitumia yote kujifunza. Faneli ya shaba ilikuwa imejaa mpaka juu na kofia nyeupe imesimama. Tulikiingiza chote ndani na kuacha ndoo mahali pake. Huwezi kukiweka jikoni ukangoja, maana theluji ikichelewa kuyeyuka maji mengine huondoka kama mvuke. Kwa hiyo tulipima milimita 10 za maji ya uvuguvugu kwenye mrija, tukamwaga polepole juu ya theluji, ikazama na kulegea kama sukari ndani ya chai. Kisha tukapima vyote: 18.6. Toa 10 tulizoongeza. 8.6.

Mdogo hakukubali. Rula nje imesoma sentimita 11 za theluji, na faneli ilikuwa imejaa kabisa, sasa maji haya kidogo ndiyo yote? Akachungulia ndani ya faneli kuona yaliyobaki yamejificha wapi. Dada yake alichukua bakuli la theluji, akalibana kwa mikono miwili mpaka likawa kama yai, akampa ashike. Theluji mpya ni hewa tupu, sehemu tisa kati ya kumi. Alilishika yai lile mpaka vidole vikawa vyekundu.

Mchana nilitembea kwa miguu kwenda kwa mama mmoja ninayemhudumia, gambuti zikizama hadi shavu la mguu. Nilimkuta dirishani, ameshaweka birika.

Neno la siku limekuwa gumu. Theluji ni moja tu kwetu. Bibi alifikiri, akasema tuandike "pamba".

Jumapili, 28 Januari

Siku kumi na mbili tu zimepita, na tangu hapo dhoruba ya Isha imekuja na kuondoka, theluji imeyeyuka yote, na leo tumekaa nje bila makoti. Kwetu nyuzi 13. Lakini kule Achfary, Sutherland, kipimajoto kimefika 19.9, ambayo ni rekodi ya Uingereza nzima kwa mwezi wa Januari. Hewa ya joto kutoka kusini hupanda milima, hunyesha unyevu wake upande ule, kisha hushuka upande wa pili ikiwa kavu na kuzidi kupata joto.

Nimeanika mashuka nje. Yamekauka. Mwanamke yeyote wa bonde hili atakwambia hiyo ni habari kubwa. Kila kamba ya nguo niliyoipita barabarani ilikuwa imejaa.

Jumamosi, 16 Machi

Babu wa Kondoo ametufundisha kalenda yake. Baridi inayorudi mwezi Machi huiita "teuchit storm", dhoruba ya wale ndege wenye kishungi wanaorudi mashambani kutaga. Ya Aprili ni ya kekeo, ndege mwingine. Nilimweleza kwamba na sisi pwani tuna kusi na kaskazi, masika na vuli, na mvua ya mchoo. Akaomba niandike. Aliikunja karatasi akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Jumapili, 31 Machi

Saa zimesogezwa mbele. Kanuni inataka tubaki kwenye saa ya kipupwe, yaani tusome ikiwa saa tatu, na wakati huo watoto watakuwa darasani. Nimeamua tubaki saa mbili ya saa mpya. Nimepiga mstari mwekundu kwenye daftari na kueleza. Namba zitakuwa na kasoro ya saa moja, lakini mwandiko utabaki wao.

Jumapili, 21 Aprili

Kondoo wanazaa. Tumeshinda na Babu siku tatu. Wiki iliyopita mvua baridi ilinyesha na upepo juu yake, na hiyo huua wana-kondoo kuliko theluji kavu, kwa sababu manyoya yao mapya hulowa hadi ngozini. Binti amempa mmoja chupa mbele ya jiko letu usiku kucha. Asubuhi alisimama.

Jumapili, 5 Mei

Hapa milimita 0.2. Lakini macho yetu yote yako Tanga. Kimbunga Hidaya kimefika jana pwani ya Tanzania upande wa Mafia, baada ya masika yaliyojaa mafuriko. Watoto wamempigia Bibi mara nne. Safari hii wao ndio waliouliza kama paa liko salama. Liko salama. Na amewaambia ametoa kopo la maziwa uani, mdomo ulio sawa na chini, na rula ya mjukuu wa jirani.

Daftari lina safu ya tano sasa.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika saa saba usiku, kuamkia Jumamosi. Nimewaamsha watoto, nikawafunga mablanketi, tukalala chali kwenye nyasi. Mwanga wa kaskazini umejaa mbingu nzima, kijani na waridi, na juu ya vichwa vyetu miale imekutana pamoja kama mbavu za dari ya makuti. Dhoruba ya jua inayoleta mwanga wa namna hii haijaonekana kwa miaka ishirini hivi. Mdogo aliuliza kama tuipime. Alipoambiwa haipimiki kwa mrija, alikwenda mwenyewe jikoni na tochi akaandika "mbingu imewaka", maneno mawili, kinyume na kanuni. Nimeyaacha.

Jumamosi, 15 Juni

Kazi inayofuata ni kibanda cha kipimajoto. Kile cha dirishani hudanganywa na joto la ukuta. Tunatengeneza sanduku jeupe la mbao zenye mianya, lililobuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Edinburgh. Hewa hupita na jua haliingii. Kipimajoto kitakaa meta 1.25 juu ya ardhi. Mbao tumezitoa kwenye milango ya kabati la zamani, mume wangu amekata, mimi na watoto tumepaka rangi mkono wa kwanza. Mlango unatazama kaskazini.

Jioni ni ndefu, mwanga unakaribia saa kumi na nane, na watoto hawaamini wakiambiwa ni usiku. Rangi ya mkono wa pili inahitaji siku mbili kavu mfululizo. Asubuhi hii: 2.4. Manyunyu. Tanga: kopo kavu.