Kabla ya kuvuka kwenda Orkney

Tiketi ya feri nimeshakata. Ni kutoka bandari ya Scrabster, Uskoti bara, mpaka Stromness katika visiwa vya Orkney, dakika 90 juu ya Pentland Firth, mlango wa bahari wenye mikondo mikali kaskazini kabisa ya Uskoti. Njiani tutaipita Old Man of Hoy, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 137. Kila ninayemwambia safari hii ananisifia Skara Brae, kijiji cha miaka kama 5,000 kilichofukuliwa na dhoruba mwaka 1850, vitanda vya mawe vikiwa bado mahali pake. Huko nitafika, inshallah. Lakini kinachonikosesha usingizi ni kisiwa kidogo kisicho na watu, Eynhallow.

Wazee wa Orkney walisimulia kwamba zamani kiliitwa Hildaland. Kilikuwa makazi ya Finfolk, majini wa baharini, na jicho la binadamu halikukiona. Siku moja maji yamekupwa, mkulima wa Evie, eneo la pwani huko Orkney, aitwaye Thorodale alikuwa ufukweni na mkewe. Alipogeuka tu, jini akamnyakua mke na kutoweka naye mashuani. Mume akaapa kulipiza. Akaelekezwa na bibi mmoja mjuzi aliyeishi kisiwa cha Hoy: alizunguke Jiwe la Odin, jiwe la kale lililosimikwa wima, kwa magoti, mara tisa, usiku tisa wa mbalamwezi. Alfajiri moja kisiwa kikamtokea. Akapakia chumvi mashuani, akaenda na wanawe watatu, wakaimwaga chumvi kukizunguka kisiwa, pete juu ya pete, ziwe tisa. Yule mdogo alikuwa na viganja vikubwa mno. Chumvi ikamwishia mkononi, na pete ya tisa haikufungwa. Hata hivyo majini walikimbia.

Nimeifikiria sana chumvi hiyo. Kwetu Tanga wapo wanaonyunyiza chumvi ya mawe mlangoni kufukuza mabaya, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwangu. Ila viumbe wanaoogelea chumvini usiku na mchana wanaiogopaje? Nadhani kilichowashinda ni mkono wa mkulima. Chumvi iliyopandwa kwa hatua, kama mbegu, ilikigeuza kisiwa kuwa shamba, na jini hana haki shambani kwa mtu.

Na kweli watu waliishi pale. Mwaka 1851, baada ya homa ya matumbo, familia ziliondolewa na mapaa yakashushwa. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuta za nyumba zao zilikuwa za kanisa la kale. Jiwe la Odin nalo halipo tena. Mkulima mmoja alilivunja mwaka 1814. Lilikuwa na tundu, na wachumba walishikana mikono kupitia humo kuapa kwamba hawataachana. Hilo linaniuma.

Hakuna feri ya kawaida inayoshuka Eynhallow. Nitakaa Broch of Gurness, magofu ya mnara wa kale wa mawe ng'ambo yake, niutazame mkondo maji yakijaa na kupwa. Kiangazi huku jua huzama saa nne usiku imepita, nafasi itakuwepo tele. Thorodale alikipata kisiwa, mke hakumpata. Masimulizi yote niliyosoma yanamtaja mume, yanataja hata viganja vya mtoto, ila mwanamke anaitwa mke tu. Nitawauliza watu wa Evie jina lake.